Mistari Mitatu ya Mwalimu

Mwalimu hakuwahi kukosea. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe, bila majivuno, kama mtu anayekuambia anavaa kiatu namba nane, na mimi niliyefanya naye kazi miaka minne pale mpakani Tunduma nilimwamini. Sitaandika jina lake, maana nikilisikia tu likitajwa kwa sifa, iwe kanisani au kwenye ofisi za mawakala wa forodha, nainuka natoka nje. Alipenda aitwe Mwalimu. Basi abaki Mwalimu.

Nilimkuta akiwa ameshastaafu. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka mingi, akastaafu, akachoka kukaa nyumbani kwake Nanyala akitazama malori yanavyopita, ndipo ofisi moja ya uwakala ikamchukua asimamie kompyuta zake. Mimi nilikuwa nimetoka Ihanda na cheti cha kompyuta kilichonifundisha kuandika barua na kuipigia mstari chini, basi. Bosi alinipeleka chumba cha nyuma akasema, "Mwalimu, msaidizi wako huyu hapa." Hakuniangalia. Aliniuliza kama naijua Python, lugha ya kuandikia programu, nikamjibu nimeisikia. Akasema vizuri, asiyeijua hajapata nafasi ya kuiharibu.

Niieleze kazi yetu, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini nina hasira miaka sita sasa. Kila siku wateja walitutumia faili ya XML yenye mizigo yote inayovuka mpaka kwa jina la ofisi yetu. Faili ya namna hiyo ni maandishi yaliyofungwa ndani ya lebo, na lebo zenyewe zimefungwa ndani ya lebo nyingine. Kuna lebo ya shehena. Ndani ya shehena kuna mwenye mali, ndani ya mwenye mali kuna jina na simu. Pembeni yake, ndani ya shehena hiyo hiyo, kuna msafirishaji, naye ana jina na simu. Ukiisoma kwa macho unaumwa kichwa. Kompyuta inaisoma kisha inaijenga upya kama mti, wenye mzizi mmoja na matawi yanayozaa matawi, na mti ukishasimama unaweza kuuliza: mzigo huu ni wa nani? Programu zetu zilijenga mti, zikauliza, zikatoa orodha safi ya kupeleka mpakani. Ukikosea tawi, umempa mtu mzigo wa mwenzake.

Aliyenifundisha haya yote ni yeye, tena vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifundisha kitu. Siku ya kwanza alikuja na hindi bichi kutoka shambani kwake, akaliweka juu ya kibodi yangu, akasema anataka punje moja kutoka mstari wa tatu. Nikalishika hindi nikaanza kulichimba kwa kidole juu ya maganda. Aliniacha nihangaike mpaka nikaona haya. Kisha akalichukua, akamenya ganda moja baada ya jingine bila haraka, akafika kwenye gunzi, akahesabu mistari mpaka wa tatu, akang'oa punje akanipa mkononi. Akaniambia faili ni hivyo hivyo, unaingia ngazi kwa ngazi, na asiye na subira ya kumenya atatafuna na maganda.

Ubaoni alichora mti wenye mzizi juu na matawi yakining'inia chini. Dereva mmoja aliyekuwa akisubiri karatasi zake alicheka, akauliza ni wapi duniani mti unaota kichwa chini. Mwalimu alimjibu kwamba mti huo unaota ndani ya lori lake, na usipochorwa vizuri atalala hapo Tunduma wiki nzima. Yule dereva hakucheka tena.

Kabla ya kuandika mstari wowote tulipaswa kuitaja njia kwa sauti: faili, shehena, mwenye mali, jina. Siyo jina tu. Jina peke yake, alisema, halina maana mpaka ujue limekaa ndani ya nini na limezaliwa na nani. Tulikuwa tukiimba njia hizo asubuhi mpaka madereva wa Zambia wakadhani ofisi yetu inaanza kazi kwa sala. Mmoja alivua kofia.

Neno lake baya kuliko yote lilikuwa kuokoteza. Mtu anayeacha mti, akaenda kutafuta neno popote lilipo kwenye faili na kulizoa, huyo anaokoteza. Kulikuwa na kijana mwenzetu ofisini aliyeandika programu kwa mtindo huo, na ilifanya kazi miezi miwili bila tatizo. Mwalimu alipoiona alimwamuru aifute mbele yetu. Kijana akajitetea kwamba haijawahi kukosea. Mwalimu akasema haijawahi kukosea bado, akasimama nyuma yake mpaka mstari wa mwisho ukafutika. Nilimwona Mwalimu mkubwa sana siku ile. Nakumbuka nilikwenda nyumbani nikamsimulia mwenzangu niliyepanga naye chumba, nikiigiza mpaka sauti.

Alivaa sweta la rangi ya kahawia masika na kiangazi. Mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki, ingawa ubao wetu ulikuwa wa kuandikia kwa kalamu na chaki hazikuwa na kazi pale. Alizibeba tu. Chai alikunywa kwa kifuniko cha chupa, hata akipewa kikombe, na akifikiri aliizungusha ile chai polepole bila kuinywa mpaka ipoe. Meza yake ilikuwa aibu tupu. Mtu aliyetulazimisha kila lebo ikae mahali pake alikuwa na maganda ya karanga ndani ya droo ya nyaraka, na miwani yake tuliitafuta wote kila siku baada ya chakula cha mchana.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, msoma matangazo. Alikuwa na msemo wake kwamba kompyuta haina aibu, ndiyo maana haidanganyi, na aliwahi kuuingiza kwenye tangazo la harusi. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wema wake siwezi kuuficha, na huo ndio unaoniudhi zaidi. Mtu mbaya ni rahisi kumwacha. Baba yangu alipofanyiwa upasuaji, mimi nikiwa sijui pa kushika, Mwalimu alimpelekea uji kila asubuhi siku tisa, akiwa ameubeba mwenyewe ndani ya chupa, akakaa kitandani pake akimsomea gazeti. Baba mpaka leo akimsikia anasema yule ni mtu wa Mungu. Alinifundisha mwaka mzima baada ya kazi bila kunidai chochote, na Jumamosi alikuwa akiwafundisha kina mama wawili wajane kuandika orodha za biashara zao kwenye simu. Ningekuwa namchukia tangu mwanzo, nisingekuwa na haja ya kuandika.

Lakini kosa halikuwahi kuwa lake. Hilo tulilifanyia utani, na ilitupasa tulitazame vizuri badala ya kucheka. Alimkanyaga mhasibu mguuni, mguu ukavimba, naye akamweleza kwa upole namna ya kukaa ili miguu isitokeze njiani. Safari moja tulikwenda Galula, wanunuzi wa dhahabu wa kule walitaka kufungiwa kompyuta. Tulipanda bodaboda mbili, na njia panda dereva wake alitaka kwenda kulia. Mwalimu akasema kushoto. Tulizunguka kwenye mashimo ya wachimbaji saa mbili, kwenye jua, tukarudi pale pale njia panda tukaenda kulia. Tulipofika Mwalimu alimshika yule dereva bega, akamwambia, "Mwanangu, siku nyingine ukipotea uliza mapema. Mimi sina kinyongo." Dereva alinitazama. Nikageukia pembeni nisicheke.

Bado nauona uso wa yule dereva. Nilipaswa kujifunza kitu kwake.

Sasa nieleze desturi moja ya makarani wa Tunduma wanaowaandikia wateja mizigo, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mfanyabiashara wa kwetu ana shangazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ana mjomba Kamsamba, ana shemeji kila mahali, na mara nyingi anapeleka mizigo miwili au mitatu kwa siku moja. Karani anaandika jina lake kwenye mzigo wa kwanza. Unaofuata, kama ni wa mtu yule yule, anaacha wazi. Kwenye karatasi hilo halina shida, kila mtu hapa anajua pakiwa wazi maana yake ni kama juu. Makarani wakahamia kwenye kompyuta na mkono wao ule ule. Kwenye faili, shehena hiyo inakuja haina lebo ya mwenye mali kabisa. Mwalimu alinifundisha hili wiki ya kwanza. Alisema ndiyo sababu kubwa ya kupita kwenye mti, kwa kuwa ukiingia ndani ya shehena yenyewe na usikute jina, unajua hapo pamekosekana kitu, unarudi kuangalia juu. Anayeokoteza hatajua.

Alhamisi moja faili zikaja na sura mpya. Wateja wa Dar es Salaam walikuwa wameongeza ngazi: kati ya shehena na mwenye mali wakaweka lebo nyingine ya wahusika wote. Programu yetu ikafuata njia ya zamani, ikafika mahali hapana kitu, ikasimama. Nje malori yamefika hadi kwenye kona, madereva wamejaa dirishani, bosi anachungulia mlangoni kila dakika tano. Dawa yake ilikuwa kuifungua faili, kuutazama mti mpya, na kurekebisha njia. Kazi ya nusu saa. Nilikuwa nimeshaianza.

Mwalimu akaja akasema, "Pisha, binti."

Nikampisha. Akakaa kwenye kiti changu, kwenye kompyuta yangu niliyoingia kwa jina langu, akaandika mistari mitatu. Wa kwanza ulizoa majina yote ya wenye mali kwenye faili, pamoja na simu zao, popote yalipo. Wa pili ulizoa mizigo yote. Wa tatu ukayafunga pamoja kwa kufuatana, jina la kwanza kwa mzigo wa kwanza, la pili kwa wa pili, mpaka mwisho. Hakupita kwenye tawi hata moja. Aliokoteza.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikamuuliza kama hakuna shehena ambayo jina limeachwa wazi.

"Hakuna shehena isiyo na mwenyewe," akasema bila kugeuka.

Nikaanza kusema kuhusu makarani. Akaniuliza nani mwalimu hapa. Akabonyeza. Orodha ikatoka imenyooka, nzuri, na bosi akampiga begani kwa furaha. Dereva mmoja wa Zambia akamshukuru pale dirishani, "Natotela, bashikulu," na Mwalimu akatabasamu kama babu kweli. Ilichukua dakika nne.

Katika faili ile, mtu mmoja wa vitunguu alikuwa na mizigo miwili. Karani alikuwa ameacha wazi wa pili. Kwa hiyo kuanzia hapo majina yalipungua moja, na kila jina likapanda ngazi moja, likakaa kwenye mzigo wa aliyemtangulia. Mzigo wa kumi na moja ulikuwa mapipa ya kemikali za mgodini, na kibali chake kilikuwa cha kughushi. Mzigo wa kumi na mbili ulikuwa magunia ya maharage ya Mama Eliza.

Mama Eliza ni wa Ihanda, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni nikiwa na malaria, akanipeleka zahanati kwa miguu. Maofisa wa mpakani walimkamata pale pale kwenye lori lake. Akasema yeye ana maharage. Wakamwonyesha karatasi, jina lake hili hapa, namba yake ya simu hii hapa, mapipa haya hapa. Wakamshikilia siku tatu. Siku ya pili mama yake mzazi akafariki kule Ihanda. Siku ya tatu ndugu walimsubiri mpaka jua likaanza kushuka, mchungaji akasema hawawezi kungoja zaidi, wakazika. Kesho yake asubuhi mtu mmoja akaamua hatimaye kulinganisha orodha yetu na faili yenyewe, wakamwachia. Alifika nyumbani akakuta udongo umeshakauka juu ya kaburi.

Bosi alituita ofisini kwake watatu, mimi, Mwalimu na mhasibu. Akauliza kompyuta ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza nani aliandika. Nilimgeukia Mwalimu, kwa sababu niliona ni haki yake aliseme mwenyewe. Alikuwa anazungusha chai kwenye kifuniko. Nikamsubiri. Bosi naye akamtazama.

"Bosi," akasema, "huyu bado anajifunza. Tumwonee huruma."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto hambishii mzee mbele ya watu, na isitoshe yule alikuwa mtu aliyembebea baba yangu uji. Tena, na hili ndilo linalonitia hasira na nafsi yangu, nilifikiri atakuja. Nilifikiri anahitaji muda kidogo, hajawahi kukosea, hajui namna ya kuanza. Nikamsubiri siku hiyo. Nikamsubiri barua ya kufukuzwa ilipoandikwa. Nilipofunga begi langu alikuja kweli, naye akalichukua begi akanisindikiza nalo mpaka stendi. Pale stendi akaniambia kosa moja lisinivunje moyo, nina akili nzuri, nitafika mbali.

Nilipanda gari la Vwawa, nikajifunika kanga mpaka kichwani mchana wa jua. Aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nina homa.

Miaka sita sasa. Ihanda mimi ni yule aliyemfungisha Mama Eliza, akakosa kumzika mama yake. Hakuna aliyenitukana, na ningeona heri wangenitukana. Kwetu wakati wa kuchuma kahawa watu huzunguka, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila nyumba inatoa mikono. Tangu mwaka ule wakifika kwetu wanapunguka. Huyu anaumwa, yule ana mgeni. Mama yangu anachuma na baba mwenye mshono tumboni, na mimi nikipata likizo, na kahawa nyingine inaivia mtini mpaka inadondoka. Mama hajawahi kuniuliza kilichotokea. Mama Eliza akinikuta njiani ananiitikia shikamoo, basi, anapita.

Nilimwandikia Mwalimu ujumbe mara mbili. Niliandika kwa adabu yote, nikamwomba afike Ihanda siku moja, aseme sentensi moja tu kwa Mama Eliza. Mara ya kwanza alinijibu kwa mstari wa Zaburi na kunitakia baraka. Mara ya pili aliniuliza hali ya baba.

Kwa nini sikwenda mwenyewe kumweleza yule mama? Nimejiuliza. Nilijiambia hataniamini, ataona namsukumia mzee wa watu kosa langu. Nilijiambia likitoka mdomoni mwa Mwalimu litakuwa na uzito. Kumbe kila siku niliyomsubiri ilikuwa siku nyingine ya mama yangu kuchuma kahawa bila majirani.

Kazi nilipata. Nipo Vwawa, kwenye ofisi inayoshughulika na taarifa za mashamba ya kahawa, na faili zinazokuja ni zile zile, lebo ndani ya lebo. Kila asubuhi nafungua faili, najenga mti, naanzia kwenye mzizi, naitaja njia kwa sauti ya chini. Wenzangu wanasema nina mkono safi. Ni mkono wake, wote, na siku nyingine hilo linanichefua kiasi kwamba naifunga kompyuta natembea mpaka sokoni na kurudi.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilimwona mama amekaa kwenye kibaraza anajikanda mkono wake wa kulia kwa mafuta, hauinuki vizuri. Asubuhi nikapanda gari nikashuka Nanyala.

Mwalimu amezeeka. Ameacha kazi ya Tunduma, na siku hizi anafundisha vijana na watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa ulio kando ya barabara kuu, kompyuta tano za msaada, wanafunzi kama kumi na wanne. Sweta ni lile lile au ndugu yake. Nilikuta kipindi kimeanza, nikaketi benchi la nyuma, nikajiambia akimaliza nitamwomba faragha. Ubaoni alikuwa amechora mti, mzizi juu. Alikuwa anafundisha vizuri vile vile, na mimi mjinga nikajikuta natabasamu.

Kisha akafika kwenye kuokoteza. Akasema atawapa mfano wa kweli. Akasimulia kwamba huko Tunduma alikuwa na binti mmoja mwenye akili lakini mwenye haraka, faili zilibadilika sura, yule binti hakuwa na subira ya kuutazama mti, akazoa majina yote akayafunga na mizigo kwa kufuatana. Akaiandika ile mistari mitatu ubaoni. Ilikuwa sahihi kabisa, herufi kwa herufi. Akaeleza namna majina yalivyopanda, na mama mmoja maskini aliyekosa maziko. Wanafunzi walisikitika kwa sauti. Mwanamke mmoja wa makamo, benchi la mbele, alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari.

Mwalimu akageuka kuwatazama, ndipo akaniona. Sikumwona akishtuka. Nimeupekua uso ule tangu siku hiyo na sijapata hata dalili ya kushtuka. Alifurahi. Alinyoosha mkono kama anakaribisha mgeni wa heshima.

"Tazameni Mungu alivyo," akasema. "Binti mwenyewe yule pale nyuma. Simama wakuone, mwanangu. Mimi nilikwisha kumsamehe siku nyingi, na leo ni mtu mkubwa kule Vwawa."

Wakapiga makofi. Walinipigia makofi kweli, wamegeuka wote, wananitabasamia.

Nikasimama. Nikamwamkia kwanza, shikamoo Mwalimu, akaitikia marahaba. Kisha nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyashikilia tangu ofisini kwa bosi.

"Mistari hiyo uliandika wewe, Mwalimu. Ulikaa kwenye kiti changu, mimi nimesimama nyuma yako, nikakuuliza kama kuna jina lililoachwa wazi. Nimekuja kukuomba twende Ihanda ukamwambie Mama Eliza. Na kama ni kusameheana, mimi sijakusamehe."

Nje lori lilikuwa linabadilisha gia. Mwalimu alishusha mkono, akaitazama chaki yake, akanitazama mimi kwa macho yale ya huruma aliyokuwa nayo kwa wanafunzi waliotoa jibu lisilo sahihi. Nadhani, na hili ndilo nimelimeza kwa shida kuliko yote, hakuwa anadanganya. Alikuwa amelisimulia mara nyingi mno mpaka likawa limetokea hivyo.

"Kaa chini, binti," akasema. "Hasira zako hazijaisha, naona."

Yule mwanamke wa benchi la mbele alikuwa ameacha kuandika. Alinitazama mimi, akautazama ubao, akainua mkono kwa adabu kama wanavyoinua darasani.

"Mwalimu, samahani. Ni kweli anayosema huyu dada?"

Mwalimu aliligeukia ubao. "Hilo halitoki kwenye mtihani," akasema, akaanza kufuta ule mti kutoka juu kuja chini.

Sikukaa. Nilitoka nje, nikavuka barabara, nikamwambia dereva wa bodaboda anipeleke Ihanda kwa Mama Eliza. Aliniuliza kama namsubiri mtu, maana nilikuwa nimegeuka natazama mlango wa ukumbi. Nikamwambia hapana, twende.